Vanishi Amebadilishiwa Dawa

Fundi,

Paka wako yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu nakujua: barua yoyote ungeipekua ukitafuta jina la Vanishi kwanza, habari za sisi binadamu baadaye. Yuko hai, amekula, na saa hii amejilaza juu ya kitanda cha mteja ambacho nimetoka kukipiga msasa. Nimemfukuza, amerudi. Nimemfukuza tena, akaniangalia vile ulivyokuwa ukiniangalia nikileta mbao zilizopinda, kisha akarudi palepale.

La pili ni kwamba nimembadilishia dawa. Ile ya kliniki ya wenye magari makubwa tumeachana nayo. Usinune kwanza. Nisikilize mpaka mwisho, na ukiwa bado na la kusema utaniambia siku tukionana, na siku hiyo isije haraka, nina oda za watu.

Ni mimi Wambui, kama mwandiko haujakwambia. Naandika nyuma ya karatasi za msasa kwa sababu ndizo zilizo karibu, na kwa sababu daftari lingenifanya nijione kama naandika insha. Sijui barua ya maiti inatumwaje. Mchungaji alituambia wafu hawasikii, mama yangu anasema wanasikia kuliko sisi. Mimi naandika tu.

Gikomba ni ileile. Mikokoteni inapita ikitukana watu, mbao zimepanda bei, na yule wa banda la kona bado anauza vitanda vya saiprasi akiapa ni mvule. Lakini siku yako, hata yeye alitoa mvule wa kweli. Jeneza tulilitengeneza wenyewe, Fundi. Kila mtu kwenye safu yetu ya mabanda alitoa kitu: huyu mbao, huyu vishikio, huyu kitambaa cha ndani. Otieno wa rangi alifunga banda lake na kulipaka vanishi, likikauka analisugua na kulipaka tena, mpaka mtu akajiona uso. Mimi nilipiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Kuna kiungo kimoja upande wa miguu ungekilaumu, nakijua, na nadhani ulikiona. Lakini lilikuwa zuri. Kwenu Murang'a, tulikokuzika, kila mtu aliliulizia.

Baada ya mazishi mwanao Mwangi alikuja kupanga mambo ya banda. Amekubali niendelee nalo mradi kodi ilipwe, na vyombo ameniachia. Mwangi si mbaya. Amechoka tu, na amefanana nawe akikasirika. Alipofika kwa paka akakuna kichwa, akasema, "Wambui, ni paka tu. Kuna sindano moja ya kumlaza, yaishe." Nikambeba paka. Simlaumu; kusema kweli, mwanzoni hata mimi nilicheka. Safu nzima ilicheka. Paka wa Gikomba, aliyekulia kwenye vumbi la mbao na panya wa mitumba, ati ana sukari! Wewe ukasema, "Mimi na Vanishi ni ndugu wa ugonjwa mmoja. Mcheke, lakini mumheshimu."

Tulicheka lakini tuliona. Tuliona akikonda mpaka mgongo ukawa kama msumeno, akinywa maji kwenye kopo la kulowekea brashi mpaka Otieno akalalamika. Kama si yule mama uliyemtengenezea kabati, aliyekupeleka kliniki kwa gari lake na kulipia chupa ya kwanza ya insulini, Vanishi angekufa mapema. Chupa zilizofuata ulinunua mwenyewe. Hukuwahi kuniambia ulikuwa ukizitoa wapi.

Basi, ulipolazwa, mimi ndiye niliyekuwa nikimdunga. Uliponipa kazi hiyo ulinionyesha mara moja tu, kama kawaida yako, na kunipa ile boksi ya sindano zenye vifuniko vyekundu. Ulikuwa umekaa nazo jioni moja ukazitia alama zote kwa kalamu ya wino mzito, kamstari kamoja kwa kila sindano. Ukaniambia, "Namba achana nazo. Vuta mpaka hapa." Nikaelewa mara moja, kwa sababu hivyo ndivyo ulivyonifundisha vitanda. Tepu ulikuwa nayo ukaining'iniza tu. Kazi yote ilifanywa kwa vile vijiti vyako vya kipimo: kijiti cha mguu, kijiti cha ubavu, kijiti cha kichwa cha kitanda. Weka kijiti, piga alama, kata. Vitanda mia, vyote sawa, na hakuna aliyesoma namba.

Ulipofariki dawa ilikuwa imebaki kidogo. Nilipoenda kuulizia bei ya chupa nyingine, Fundi, nilidhani yule msichana wa kliniki ananitania. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikasema asante, nikatoka, nikakaa kwenye ukingo wa barabara nikicheka peke yangu kama mtu aliyerukwa na akili. Kile kitanda nilichokuwa nimekiuza kwa shangwe wiki ile hakingetosha.

Nikamweka Vanishi kwenye kikapu nikaenda naye Kiamaiko. Usishtuke. Kule sokoni mbuzi wana daktari wao, Daktari Guyo, na niliambiwa hadharau mnyama yeyote. Alikuwa ameshika mbuzi kwa pembe akimtazama ulimi. Akaniona na kikapu, akasema, "Dada, hapa huyo hauziki." Halafu akanawa mikono, akamtoa Vanishi, akamtazama kuliko alivyowatazama mbuzi wake wote. Alimtoboa sikio pembeni, tone dogo, akaliweka kwenye kimashine. Vanishi akamng'ata. Akasema paka mwenye nguvu za kung'ata bado ana maisha.

Ndiye aliyeniambia kuna njia nyingine. Insulini ya watu, ile ya zamani yenye mawingu ndani ya chupa, inapatikana kwenye kemisti yoyote na bei yake mtu wa kawaida anaiweza. Paka wengi wanaitumia. Si laini kama ile ya kliniki, inapanda na kushuka kwa nguvu, kwa hiyo ina masharti: ale kwanza ndipo adungwe, asubuhi na jioni, na asipokula usimdunge. Kichupa hakitikiswi, kinaviringishwa viganjani polepole mpaka mawingu yachanganyike. Tuanze na kiasi kidogo, na nimrudishe apimwe. "Na sindano ununue za dawa hiyo mpya," akasema, "usitumie zile." Lakini hilo alilisema akiwa ameshageukia mbuzi mwingine aliyekuwa akilia kama anachinjwa, na mimi likaingia sikio hili likatokea lile. Sindano si sindano?

Halafu kuna jambo jingine, na ni la kijinga, lakini wewe hutanicheka. Ile boksi yako ilikuwa bado na sindano. Kila moja ina kamstari kako. Nilikuwa nazitoa mojamoja kama mtu anayekula sukari guru, nikiogopa ziishe. Ningezitupaje?

Basi asubuhi ya kwanza nilimlisha, nikaviringisha kichupa, nikavuta mpaka kwenye alama yako. Hata akasinzia vizuri. Nikajipongeza nikashika randa.

Kabla ya saa sita nikasikia kitu kikigonga mguu wa benchi. Nikadhani amekamata panya. Kumbe ni yeye, anajaribu kusimama, miguu ya nyuma haimtii, anaanguka, anasimama, anaanguka. Macho yamekuwa meusi yote. Mate yanamtoka. Halafu akalala upande mmoja akaanza kutetemeka, Fundi, na mimi nikamwita Mungu, "Ngai!" kwa sauti ambayo nadhani ilifika hata kwa wauza viatu.

Nikampigia Daktari Guyo. Hakungoja salamu. "Mpe sukari. Msugulie kwenye ufizi. Sasa hivi, maswali baadaye." Glukosi sina, asali sina. Otieno alikuwa na chai yake kwenye kikombe na kipakiti cha sukari kando. Nikakinyakua. Akaruka juu: "Wewe! Ana sukari halafu unampa sukari? Unataka kummaliza paka wa marehemu?" Nikamwambia anyamaze amshike kichwa. Akamshika. Mikono yake imejaa rangi ya mahogani, yangu imejaa gundi, tunamsugulia Vanishi sukari iliyolowa chai, kidogo kidogo ili asipaliwe, na safu yote imetuzunguka kama tumeshika mwizi. Mmoja akaanza kuomba. Mwingine akasema atapeleka ujumbe kwa Mwangi, nikamwambia akithubutu nitampiga na nyundo.

Nilikuwa nikisema, "Usiende, Vanishi. Usiende wewe pia." Nilikuwa nimejizuia tangu Murang'a, hata udongo ulipokuwa ukishuka nilijizuia kwa sababu nilikuwa nimeshika miavuli ya watu. Hapo chini ya benchi nikalia. Otieno akajifanya haoni.

Akalamba. Ulimi ulitoka, ukalamba kidole changu, ukarudi ndani. Baada ya muda akainua kichwa akanitazama kwa hasira, na nilijua amerudi kwa sababu ya hiyo hasira.

Jioni nilimpeleka Kiamaiko na sindano mkononi. Daktari Guyo aliitazama, akaitazama alama yako, akavuta pumzi. Akanieleza polepole kama mtoto. Dawa ya kliniki ni nyepesi na sindano zake zimegawanywa kwa ajili yake. Dawa ya watu ni nzito zaidi na ina sindano zake, zenye vifuniko vya rangi ya chungwa. Ukivuta ile nzito mpaka kwenye alama ya ile nyepesi, umempa zaidi ya mara mbili. Alama yako haikuwa na kosa, Fundi, mtu asikudanganye. Ilikuwa sahihi kwa dawa yake. Ni kama kuchukua kijiti cha kitanda cha futi tano nikatengenezea kitanda cha mtoto. Mjinga hapo ni mimi.

Kesho yake nikaenda kemisti kununua zile za chungwa. Na hapa ndipo nilipotaka kufika, Fundi, ndiyo maana nimeandika barua.

Halima wa kemisti unamjua. Aliniuzia kichupa siku ya kwanza akiwa na foleni ndefu, hakuuliza. Siku hii alikuwa peke yake. Akaniwekea sindano kwenye kaunta, akanipa pole za msiba, halafu akasema, "Si hii ndiyo aliyokuwa akichukua Fundi? Kichupa hikihiki. Halafu akaacha kuja. Nikadhani hospitali wameanza kumpa."

Nikamuuliza aliacha lini. Akafikiri. Akasema ni wakati ule ulipokuwa ukimtembeza paka kwenye kikapu, kwa sababu walitaniana nawe juu ya kikapu na hakukuona tena.

Hospitali hawakuwa wakikupa kitu. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikikununulia mwarobaini. Kila asubuhi chupa nzima ya majani machungu, unakunywa umekunja uso, unasema, "Sukari yangu imetulia, ni hii tu inaipiga." Na mimi nikaamini ni nyongeza juu ya dawa yako. Kidonda cha mguu kikaja, ukasema ni msumari. Tulikuwa na misumari kila mahali, nani angebisha? Kikakataa kupona, ukasema ni uzee. Halafu ukalazwa, na hukurudi.

Nilisimama kwenye ile kaunta nimeshika kichupa. Kichupa kimoja, Fundi. Kichupa kilekile ulichoacha kununua ili umnunulie Vanishi ile ya kliniki, ndicho kingemtibu na yeye. Kingewatosha nyote wawili, kila mmoja na sindano yake. Hakuna aliyekwambia, kwa sababu hukumuuliza mtu. Kule kliniki uliona aibu kusema hii siiwezi, mna nyingine? Huku kwetu uliona aibu kusema nimeacha yangu.

Nilikukasirikia. Bado nimekukasirikia, na sitakudanganya ati yameisha. Otieno alipoficha jino bovu mpaka shavu likafura, nani alimwambia mbele ya watu, "Mficha maradhi, kifo humuumbua"? Si wewe? Tulicheka mpaka ukafuta machozi. Na wakati huo mguu wako ulikuwa tayari umefungwa kitambaa ndani ya soksi.

Unajua kinachoniuma zaidi? Ni jeneza. Mvule, vishikio, kitambaa, basi la kwenda Murang'a na kurudi, mahema, chakula. Safu ilitoa bila kuombwa mara mbili. Watu waliokuwa na madeni yao walitoa. Tungekununulia dawa, Fundi. Tungekununulia huku tukikutukana, lakini tungekununulia. Hukutupa nafasi. Ulitupa nafasi ya kukuzika tu, na tukakuzika vizuri sana.

Nilikaa na hayo siku kadhaa bila kumwambia mtu. Halafu nikaona nafanya kama wewe: niko na siri, nanyamaza, napiga randa. Na hata hii dawa ya bei nafuu, ukiongeza kodi na sindano na kumpima kwa Guyo, kuna wiki nitakwama. Wiki hiyo nilikuwa nimeshakwama.

Ile grupu ya matanga yako kwenye simu haijafungwa. Watu huwa wanatoka baada ya mazishi, lakini yako hakuna aliyetoka, sijui kwa nini. Imekaa kimya na picha yako. Basi nikaandika humo. Nikafuta. Nikaandika tena: "Habari zenu. Ni Wambui. Paka wa Fundi anahitaji dawa na mwezi huu peke yangu siwezi. Pia mjue Fundi aliacha dawa yake mwenyewe ili amnunulie huyu paka, na hakutuambia." Nikatuma, nikaweka simu kifudifudi kwenye benchi kama kitu cha moto.

Nikarudi kwenye randa. Halafu mmoja akauliza kama mchango wa paka unahitaji mwenyekiti na mweka hazina. Wakacheka. Yule wa banda la kona akauliza kama atatajwa kwenye shukrani. Wakatuma, kidogokidogo, kila mtu na maneno yake. Mwangi akatuma akiwa wa mwisho. Kesho yake akanipigia, akauliza paka anadungwa saa ngapi.

Vanishi anaendelea vizuri. Sasa anadungwa kwa zile za chungwa, nasoma namba kwa macho yangu mawili, na nikivuta namwonyesha Otieno naye asome. Hanywi maji kama ng'ombe tena. Mgongo umeanza kuwa na nyama. Daktari Guyo amempima mara mbili, amesema tusishangilie mapema, paka ni mzee na ugonjwa haujaondoka. Sitakuahidi kwamba ataishi. Nakuahidi hatakufa kwa sababu ya aibu yangu.

Halafu juzi jioni, nimeshafunga vyombo, Otieno akaja akasimama mlangoni pa banda. Ana brashi mkononi na haina rangi. Akaongea habari za mvua. Akaongea habari za mteja aliyemtoroka. Nikamwambia, Otieno, nataka kwenda nyumbani Baba Dogo kulala, sema. Akatazama chini akasema, "Na mimi dawa zangu za presha ziliisha. Kitambo."

Nikachukua funguo, tukaenda kwa Halima.

Lala salama, Fundi wangu. Nakupenda na nimekukasirikia, yote mawili. Nikiishiwa, nitasema.

Wambui